Kabla ya Kugonga

Jumatatu, 3 Machi

Kila ugomvi niliowahi kushindwa, nilishindwa kwa kukosa tarehe. Mwenzangu alifungua faili akasema siku fulani, saa fulani. Mimi nikabaki na ufasaha mtupu. Kwa hiyo leo nimenunua daftari hili la kurasa mia mbili, na ugomvi wa kuliandikia umeshafika.

Mdogo wangu, fundi saa, ameletewa barua dukani kwake. Ameisoma kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni, akanipa. Inatoka ofisi ya elimu. Binti yake wa miaka tisa, ambaye nyumbani sote tunamwita Bibi Saa, "atafanyiwa tathmini upya ya mahali pa kusomea". Kwa lugha ya watu: wanataka kumtoa shule ya mtaani kwetu na kumpeleka shule maalumu ya bweni, safari ya saa sita kwa basi, awe anarudi muhula ukiisha. Familia ina siku kumi na nne za kutoa maoni.

Bibi Saa huanza sentensi leo akaimaliza kesho. Ukidondosha sufuria nyuma yake, siku yake imeharibika na yako pia. Lakini muulize ni saa ngapi, atakwambia bila kutazama ukutani, na hakosei kwa zaidi ya dakika mbili. Amekulia chini ya meza ya babake, katikati ya saa arobaini.

Wifi yangu, dobi wa mtaa, aliisoma barua amesimama, pasi mkononi. "Mtoto huyu hulala akiwa ameshika sikio langu," alisema. "Huko bwenini atashika sikio la nani?"

Nikawaambia waniachie mimi. Kazi yangu ni kusahihisha miswada katika kiwanda cha uchapaji, lakini mapenzi yangu ni barua za magazetini. Watu huzikata barua zangu: wengine kuzihifadhi, wengine kufungia karanga. Wote wamezisoma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita shuleni saa nne kasoro, njiani kurudisha miswada. Sikuingia. Hakukuwa na haja. Getini pekee niliona ya kutosha.

Darasa la tatu lote limo ndani, wanasoma kwa sauti. Nje barazani, peke yake, amesimama Bibi Saa na kipande cha nondo, mbele ya rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Hiyo ndiyo kengele ya shule. Akasogeza midomo, akagonga mara sita. Mwalimu wake, mzee mrefu mwenye koti lililojaa chaki, alichungulia mlangoni akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama bwana anayeona kijakazi wake hajachelewa.

Yaani wenzake wanasoma, yeye amewekwa kutumikia chuma! Nimempa mzee huyo jina: Mwalimu Kengele. Nikarudi kiwandani. Nilikuwa nasahihisha kitabu cha ufugaji wa nyuki, na kila nyuki nilimwona ana uso wake.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Imekuja mchana, imeondoka kabla sijaanua nguo.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika. Kurasa nne, mstari kwa mstari, bila kunyanyuka ila kunywa maji. Ninadai shule ya mtaani impe mtoto mwalimu msaidizi, badala ya ofisi kumhamisha. Ili wajue hitaji ni kubwa, sikuweka akiba ya maneno.

Jioni nikawasomea. Aya ya tatu ndiyo niliyoipenda zaidi: "Mtoto huyu ameachwa afe maji katika bahari ya watoto sabini. Hapati lolote darasani. Mvua ikipiga bati, huteseka kama mfungwa. Wakubwa wake hawakupata busara nyingine ila kumgeuza mpiga kengele."

Mdogo wangu alikuwa anapangusa saa ya mteja. "Dada, mwalimu umemuuliza?"

"Mwizi haulizwi kama ameiba."

"Sikusema mwizi. Nimesema mwalimu."

"Wewe kaa na saa zako. Hizo nazo zikisimama, unaziuliza?"

"Ndiyo," alisema. "Nazifungua kwanza."

Wifi akacheka peke yake. Nilimwona. Kisha akaniomba nisome tena pale pa mvua. Nikadhani amependa.

Kesho nakala moja inakwenda ofisi ya elimu na moja gazetini.

Ijumaa, 14 Machi

Imetoka! Ukurasa wa sita, neno kwa neno. Kiwandani wameibandika ukutani. Muuza magazeti amekataa kupokea pesa yangu, akasema leo mimi ndiye niliyemuuzia.

Mwalimu Kengele tulipishana njiani. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na zaidi, na sijawahi kumnyima mtu mzima shikamoo yake tangu nijue kusema. Leo nimemnyima. Yeye akavua kofia. "Habari za asubuhi, dada," akasema, akapita.

Jumanne, 18 Machi

Ushindi wa kwanza. Ofisi imeagiza kwamba hakuna mtoto atakayetolewa darasani kupiga kengele. Kazi hiyo amepewa mlinzi wa geti. Nimeweka tarehe.

Jumatano, 19 Machi

Mvua asubuhi hadi jioni. Wifi anasema mtoto amerudi na magoti yamechubuka. Alikuwa chini ya dawati.

Ijumaa, 21 Machi

Chini ya dawati tena, mara mbili. Nimemwambia wifi: hayo ndiyo niliyoyaandika, sasa wanajionea. Hakunijibu. Wifi akikaa kimya, hata pasi yake huonekana inasikiliza.

Jumatatu, 24 Machi

Amekataa kuvaa viatu. Babake amembeba hadi getini.

Jumatano, 26 Machi

Nataka kuyaandika haya kwa mpangilio, maana leo mpangilio ndio pekee uliobaki kunishikilia.

Barua ya ofisi imefika saa saba. Imetiwa saini na afisa anayeshughulikia uhamisho wa watoto wenye mahitaji maalumu, na ina mihuri mitatu, kama kwamba mmoja ungekimbia. Inapendekeza Bibi Saa ahamishiwe shule ya bweni kuanzia muhula ujao. Kamati itakaa tarehe 22 Mei kuthibitisha. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni taarifa ya mwalimu mkuu: matukio manne ya mtoto kujificha chini ya dawati ndani ya siku nne za masomo, na kabla ya hapo muhula mzima hakuna hata moja. Ya pili nanukuu: "Familia yenyewe, katika barua yake ya tarehe 9 Machi, imekiri kwamba mtoto *ameachwa afe maji katika bahari ya watoto sabini*, kwamba *hapati lolote darasani*, na kwamba mvua ikipiga bati *huteseka kama mfungwa*."

Maneno yangu, na alama za kunukuu zimewekwa sawasawa. Mimi ambaye hulipwa kutafuta makosa ya wengine sikupata hata nukta ya kulalamikia.

Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama sebuleni. Wifi alikuwa anakunja mashuka ya wateja.

"Soma kwa sauti," akasema.

Nikasoma.

"Pale pa mvua, wifi yangu, ulipata wapi?"

"Bati likipigwa na mvua ni kelele. Mtoto haziwezi kelele. Ni jambo la wazi."

"Ni la wazi kwako. Mwanangu mvua ikinyesha ndipo hutulia. Huegemeza kichwa ukutani ili aisikie vizuri. Siku ile nilikuomba urudie nikidhani utajisikia mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

Alikunja shuka lote, pembe kwa pembe, ndipo akajibu. "Nani husema ukiwa unasoma? Tangu nimeolewa nyumba hii, wifi, nimekusikia ukimshinda kila mtu. Mimi nilifurahi kwamba safari hii unapigana upande wetu. Nikanyamaza nisikuharibie."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua la kufanya.

Bibi Saa alikuwa mlangoni, begi bado mgongoni. "Saa saba na robo," akasema, akaenda kukaa chini ya meza ya babake.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo nimewatupia watu wengi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda shuleni na nimeingia.

Mwalimu alikuwa peke yake darasani, anafuta ubao. "Shikamoo, mwalimu," nikasema. Nilikuwa na deni la nyingine, ila sikujua jinsi ya kuilipa.

"Marahaba. Kaa, dada. Dawati hilo lina mguu mbovu, kaa hili."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Akaniuliza swali moja, hotuba ikaisha: "Nyumbani, sufuria ikianguka analia. Je, akiiangusha mwenyewe?"

Nikafikiri. Bibi Saa huziangusha kila siku. Anazipanga, anazipangua, anazigonganisha. Hajawahi kulilia sufuria aliyoiangusha yeye.

"Umeona," akasema. "Kelele haimuumizi. Kinachomuumiza ni kushtukizwa. Alipokuja kwangu, kila kengele ilipolia alikimbia hadi getini. Nikahesabu: kengele saba kwa siku, na kila moja inamgharimu nusu saa. Siku hiyo amesoma nini? Asubuhi moja nikampa nondo. Anayegonga hashtuki. Akawa anatazama saa yake ya kichwani, anatoka dakika moja kabla, anagonga, anarudi kwenye hesabu. Dakika mbili kwa kila kengele, basi. Nikamfundisha na neno la kuwaonya wenzake wadogo walio karibu. Lazima kwanza aseme, 'Nagonga.'"

Ndiyo ile midomo niliyoiona ikisogea.

"Mbona hukuniambia?"

Akaweka chaki chini. "Ulipita getini, dada. Nilikuona, nikatikisa kichwa kukukaribisha. Hukuingia."

Kumbe alikuwa ananikaribisha mimi. Na mimi nikamwandika gazetini.

"Ungejibu gazetini."

"Mwalimu mkuu alitukataza. Na mimi si mwandishi. Ningekujibu wewe ungenimeza."

Alitabasamu aliposema hivyo, akanionyesha daftari lake lenye jedwali la muhula uliopita: siku, kengele, hesabu alizofanya mtoto. Mtu mwenye tarehe alikuwa yeye.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Nimeomba likizo ya wiki moja, kuanzia Jumatatu ijayo. Msimamizi wa kiwanda ameniuliza naumwa nini. Nikamwambia, mdomo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mwalimu mkuu amenikubalia kukaa nyuma ya darasa kwa wiki nzima, kwa sharti moja. "Usiandike kivumishi hata kimoja," alisema. Mwanamke huyu nilimdhania hana makali.

Watoto ni sitini na wanne. Nilisema sabini.

Darasa hili lina desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtoto akitaka kufunga dirisha linalobamiza, au kuburuta dawati, husema kwanza, "Nagonga!" na darasa zima hujibu, "Gonga!" bila kuinua kichwa kwenye daftari. Ilianza kwa ajili ya mtoto mmoja, sasa wanaifanya sitini na wanne. Mmoja amepiga chafya bila taarifa, akazomewa.

Saa tatu na nusu mlinzi amepiga kengele ghafla. Mimi mwenyewe nimeruka. Bibi Saa alikuwa chini ya dawati kabla mlio haujaisha. Akabaki humo dakika ishirini na saba. Nimeandika ishirini na saba tu, bila kuongeza neno.

Jumanne, 8 Aprili

Kengele ya saa nne imelia saa nne na dakika kumi na moja. Bibi Saa alikuwa ameziba masikio tangu saa nne kasoro dakika moja. Alipochoka akayaachia, na hapo ndipo ilipolia.

Nilimfuata mlinzi. Saa yake ni mbovu tangu mwaka juzi. Anakadiria kwa kivuli, na siku hizi za mvua hakuna kivuli. "Mimi niliajiriwa kulinda geti, mama," alisema. "Hii rimu nimeletewa tu. Sijui ni nani alimwandikia nani."

Nikamwambia na mimi sijui.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa. Bati lilinguruma hivi kwamba sauti ya mwalimu haikufika dawati la pili. Hakuhangaika, aligeuka, akajaza ubao hesabu. Watoto wakawa wanachungulia, wanasukumana, wanapigiana kelele za kunong'onezana. Bibi Saa aliegemeza kichwa ukutani, akafanya hesabu kumi na mbili. Kumi na moja ni sahihi. Alizimaliza wa tatu darasani.

Nilisema huteseka kama mfungwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeifanyia kazi barua yangu kama ninavyofanyia ya mtu mwingine: wino mwekundu, rula, na kikombe cha chai kisicho na sukari ili nisijipendelee. Kila sentensi nimeiuliza: uliona, au ulidhani? "Bahari": nilidhani. "Hapati lolote": nilidhani. "Mfungwa": nilidhani, na nikafurahia kudhani. Kati ya kurasa nne imebaki mistari mitano, mmoja wao ni anwani yetu.

Kisha nikaandika upya yale niliyoyaona ndani ya siku tano, pamoja na jedwali la mwalimu. Ukurasa mmoja.

Mdogo wangu aliisoma na kioo jichoni, akaivua miwani yake ya jicho moja, akasoma tena. "Huyu ni yeye," akasema. "Yule wa kwanza sikumjua."

Jumatano, 16 Aprili

Jana na leo mtoto hajaingia chini ya dawati hata mara moja. Nilikuwa tayari kuusifu ukurasa wangu, ingawa bado uko mkobani. Kumbe mdogo wangu Jumatatu alikwenda getini, akaketi na mlinzi, akamtengenezea saa yake bure. Kengele sasa inalia kwa wakati, na Bibi Saa huziba masikio dakika moja kabla.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ilikuwa saa tu, dada."

Jumanne, 22 Aprili

Ofisi ya elimu. Afisa wa uhamisho nimempa jina Bwana Muhuri: mtu mfupi, nadhifu, ana mihuri sita juu ya kitambaa cha kijani, na kila ukurasa huupiga kofi kama umemtukana.

"Nimekuja kuiondoa barua yangu," nikasema.

"Barua ikishapigwa muhuri haitoki, mama."

"Lakini si ya kweli."

"Imeandikwa vizuri sana."

"Ndiyo kosa lake."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Alisema naweza kuongeza barua ya pili kwenye faili, na kwamba kamati itasoma zote mbili. Nikampa. Akaigonga muhuri, nikashtuka.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta adui. Akafungua kabati, akanionyesha rundo la fomu. "Hawa ni watoto mia moja na kumi na nane. Wengine hawajawahi kukaa darasani. Wazazi wao huja hapa kulia, wanaitaka nafasi ile ya bweni ninayompa mtoto wenu. Shule ile ni nzuri, mama, nimeiona kwa macho yangu. Niliposoma barua yako, sikulala vizuri. Nikasema huyu mtoto wa baharini lazima nimtoe kwanza."

Nimebishana na watu thelathini na mbili magazetini, na mmoja mahakamani. Huyu alikuwa ameniamini. Nikaaga.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempelekea mhariri barua ya kumwomba radhi mwalimu. "Hii haina moto," alisema. "Wasomaji wako watadhani umekufa." Leo ameitoa chini ya matangazo ya vyeti vilivyopotea. Kiwandani hakuna aliyeibandika ukutani. Mwalimu ameikata, wifi anasema ameiona ndani ya daftari lake.

Jumanne, 6 Mei

Mvua siku nzima. Kichwa ukutani, mate kidogo mdomoni, mtoto ana raha.

Jumapili, 18 Mei

Wifi ameanza kushona lebo zenye jina la mtoto kwenye nguo, kama bweni linavyotaka. "Kwa tahadhari," amesema. Ameshona sita, akazifumua, akashona tena. Nilimtungia uzi sindanoni.

Alhamisi, 22 Mei

Kamati ilikaa saa tatu. Chumba kidogo, meza ndefu, wajumbe watatu, Bwana Muhuri pembeni na mihuri yake. Upande wetu: mdogo wangu katika koti la harusi yake, wifi, mimi, mwalimu, na Bibi Saa aliyetakiwa aonekane. Mwalimu mkuu alikuwepo kwa upande wa shule.

Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alisoma barua yangu ya kwanza yote. Nilisikiliza kurasa zangu nne zikipita mbele ya watu, na kila neno nililolichagua kwa raha lilinipita kooni kama mfupa wa samaki. Alipomaliza, Bwana Muhuri akapokea ukurasa, akainua mkono, akagonga.

Bibi Saa alikuwa chini ya meza.

Wifi akapiga magoti kumfuata. Bwana Muhuri alisema, bila ubaya, "Mnaona wenyewe." Mjumbe mmoja akaandika kitu. Niliiona kalamu yake ikienda, nikajua anaandika nini, maana ningeandika hivyo hivyo.

Nilifungua mdomo. Mwalimu aliniwahi. "Bwana afisa, samahani. Una mihuri mingi ya kupiga leo?"

"Mitano zaidi."

"Naomba kabla ya kila mmoja useme, 'Nagonga.'"

"Niseme?"

"Kwa sauti ya kawaida tu."

Bwana Muhuri aliwatazama wajumbe. Mwenyekiti akainua nyusi, hakukataza. Yule mtu nadhifu akakohoa, akashika muhuri, masikio yamemwiva. "Nagonga," akasema.

Chini ya meza, sauti ndogo ikajibu: "Gonga."

Akagonga. Hakuna aliyelia. Akachukua ukurasa wa pili. "Nagonga." "Gonga." Wa tatu, kichwa kilitokeza. Wa nne, Bibi Saa alikuwa kitini, anatazama mkono wake. Kabla ya wa tano Bwana Muhuri alisahau, akanyanyua muhuri kimya, na mtoto akamwambia, "Bado hujasema."

Mjumbe aliyekuwa anaandika akakata mstari.

Mwenyekiti akauliza kama familia ina la kuongeza. Mdogo wangu na wifi walinitazama mimi. Nikasimama. Nilisema: "Barua ya kwanza niliiandika mimi bila kuingia darasani. Nilisimama getini. Ya pili niliiandika baada ya kukaa ndani siku tano. Kabla sijaandika, mtoto alikuwa na kengele na hakujificha hata mara moja. Nilipoandika, alinyang'anywa. Matukio manne yaliyoko mbele yenu ni yangu. Naomba msimhamishe yeye kwa makosa yangu." Nikakaa. Ni hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Mwalimu mkuu akasema yuko tayari kuirudisha kengele, ofisi ikiruhusu. Mwenyekiti akasema majibu yatakuja kwa barua.

Tukatoka. "Saa nne na dakika tano," akasema Bibi Saa. Kengele ya saa nne ilikuwa imeshapita bila yeye, na hilo halikumpendeza.

Jumanne, 27 Mei

Hakuna barua. Mawingu yanapita juu bila kushuka.

Ijumaa, 30 Mei

Imekuja. Bibi Saa anabaki shule ya mtaani kwa mwaka mmoja, kisha atatazamwa tena. Agizo la kengele limefutwa. Atakaa dawati la karibu na mlango. Mwalimu msaidizi hakupatikana, hawana. Nafasi ya bweni amepewa mtoto mwingine katika wale mia moja na kumi na nane, na nimejikuta nikitamani naye awe na mtu wa kumtungia mamake uzi.

Wifi amefumua lebo zote sita. Moja ameiacha kwenye mfuko wa begi.

"Kwa tahadhari?" nikamuuliza.

"Kwa kumbukumbu, wifi yangu. Nikikusikia umeshika tena kalamu, nakuonyesha."

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Barabara imekauka, madimbwi yamebaki ukubwa wa sahani.

Wala sijapoa. Watoto sitini na wanne kwa mwalimu mmoja ni fedheha, na watoto mia moja na kumi na nane wanaosubiri ndani ya kabati ni fedheha zaidi. Nimeandika kurasa mbili juu ya hilo. Mhariri ameshaniambia moto umerudi, anazitaka kesho.

Ila kabla ya gazeti nimezipeleka shuleni. Nilipofika, Bibi Saa alikuwa barazani na nondo yake. Aliniona. "Nagonga, shangazi," akasema. Nikamjibu, nikaziba masikio, akagonga mara sita, akapita mbele yangu kurudi kwenye hesabu zake bila kuniangalia tena.

Watoto walipotoka mapumziko, nilimkuta mwalimu anapangusa ubao. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwekea kurasa zangu mbili juu ya meza.

"Mwalimu," nikasema, "nagonga."

Akapangusa mikono kwenye koti, akavuta kiti chenye mguu mzima, akavaa miwani.

"Gonga."